Kinywe: asilimia 18 yenye magamba madogo au asilimia 8 yenye magamba makubwa?

Mpimaji_Mawe
Wakuu, nalinganisha ripoti mbili za mashapo ya kinywe (grafiti). A ina kaboni asilimia 18, ila magamba mengi yako chini ya mikroni 150. B ina asilimia 8 tu, lakini zaidi ya nusu ya makinikia yake (kinywe kilichokwisha kuchenjuliwa) ni magamba ya mikroni 180 kwenda juu. Wenye B wanadai mradi wao una thamani zaidi. Inawezekanaje?

HesabuZaShimo
Inawezekana kabisa. Kaboni inakuambia utachimba na kusaga mbale (mawe yenye madini) kiasi gani; bei inafuata ukubwa wa gamba. Chukua lengo la tani 50,000 za makinikia ya asilimia 95 kwa mwaka, mtambo ukiokoa asilimia 90 ya kinywe:

A: 50,000 × 0.95 ÷ (0.18 × 0.90) = tani 293,000 hivi za mbale
B: 50,000 × 0.95 ÷ (0.08 × 0.90) = tani 660,000 hivi

B anasaga tani 367,000 za ziada. Tuseme kila tani ya mbale inagharimu dola 20 kuichimba na kuichenjua (namba ya mfano tu): ni dola milioni 7.3, sawa na dola 147 kwa tani ya makinikia. Wastani wa bei ya mzigo wa B ukizidi wa A kwa kiasi hicho, na ukabaki wa kulipia kinu kikubwa zaidi, B anaongoza. Angalia na mawe taka. B akiondoa tani 4 kufikia tani moja ya mbale wakati A anaondoa moja, dola 20 kwa wote wawili ni ndoto.

Kinu_na_Povu
Gamba lililoonekana kwenye hadubini silo utakalouza. Kinywe ni laini, kila mzunguko wa kusaga unakikata. Mtambo mzuri husaga kidogo, huokoa kinywe kwa povu (mafuta ya taa hukifanya kishikamane na mapovu), huchekecha magamba makubwa mapema yasirudi kinuni, kisha husugua yaliyobaki polepole kwa hatua. Tatizo ni mika (madini mengine ya tabaka nyembamba) iliyojipenyeza kati ya tabaka za gamba. Ukilazimisha kuitoa, gamba la mikroni 300 linaishia 120, na B yako imegeuka A yenye kaboni kidogo.

Omba jedwali la chekecheke la makinikia ya mwisho. Mfano wa linalotia shaka:

Zaidi ya 300: uzito 12%, kaboni 89%
180–300: uzito 41%, kaboni 93%
150–180: uzito 15%, kaboni 95.5%
Chini ya 150: uzito 32%, kaboni 96%

Wastani unakaribia 94, unapendeza kwenye ripoti. Lakini machafu ni yaleyale makubwa yaliyobeba bei.

Mchorongaji
Uliza sampuli zilitoka wapi. Uchorongaji wa RC (wa kupuliza vipande juu kwa hewa) unavunja mwamba kuwa changarawe: kwa kupima kaboni sawa, kwa magamba hapana. Hapo unahitaji mwamba mzima kutoka uchorongaji wa almasi (keekee yenye meno ya almasi). Maabara nayo iwe imeondoa kaboni ya chokaa kwa asidi, la sivyo asilimia 18 ina marumaru ndani yake.

Halafu kina. Mwamba wa juu uliooza unachimbika kirahisi na kuachia magamba safi. Chini unakutana na mgumu wenye pairaiti (madini ya chuma na salfa): salfa inaingia kwenye makinikia, topesumu (mabaki ya mtambo) inazalisha asidi. Mgodi wa miaka 20 hauthaminiwi kwa mita 20 za juu.

Mpimaji_Mawe
A wanasema betri zinataka magamba madogo.

Kinu_na_Povu
Nusu ya kweli. Anodi (upande hasi wa betri) inataka kinywe kilichoviringwa kuwa chembe za mikroni 10–20 hivi na kusafishwa hadi kaboni asilimia 99.95. Kuviringa mara nyingi hula nusu ya makinikia au zaidi, na vumbi linalobaki huuzwa kwa bei ya chini. Bila kiwanda hicho, A anauza magamba madogo ambayo soko linayo tele. Mgodi wa Balama, Msumbiji, wana kaboni nyingi na magamba mengi madogo. Walisimamisha uzalishaji 2020 soko lilipolegea, na kiwanda chao cha anodi kiko Vidalia, Louisiana.

B naye asijisifu sana: soko la magamba ya zaidi ya mikroni 300 ni dogo, migodi miwili mipya inatosha kulishusha. Kinywe hakina bei ya mnada, kinauzwa kwa mikataba. Waulize wote wawili kama mkataba wa mnunuzi unataja ukubwa, kaboni na tani, na kama amepima makinikia ya mtambo wa majaribio au kopo la maabara tu.