Kikundi cha shehia: mkojo mwekundu wa watoto wa bondeni

Mama Asha: Assalaam alaykum. Wavulana watatu huku juu wanakojoa damu. Mmoja kapelekwa kituoni jana alfajiri, kapimwa, kaambiwa hana kitu. Bibi yao ashikilia kuwa wanabaleghe tu, waachwe.

Bi Time (muuguzi): Waalaykumu salaam. Kubaleghe hakutoi damu kwenye mkojo, mama. Hebu niambie: damu yaja mwanzo, muda wote, au mwishoni?

Mama Asha: Mwishoni. Mkojo waanza safi, matone ya mwisho ndiyo mekundu. Na huwachoma.

Bi Time (muuguzi): Kwa mtoto wa Pemba anayeoga mtoni, hapo ni kichocho mpaka kipimo kiseme vingine. Mayai ya mnyoo hukwama kwenye ukuta wa kibofu. Kibofu kikijibana kumalizia mkojo, pale penye kidonda huvuja. Kichocho kikikomaa kinaweza kutia damu mkojo wote, kwa hiyo msiwe na uhakika wa kupita kiasi.
Lakini kuna wawili wasiosubiri chupa ya maabara. Mkojo wa rangi ya chai kavu na uso umevimba asubuhi: hizo ni figo. Mkojo mweusi kama kahawa pamoja na homa kali: inaweza kuwa malaria iliyokithiri. Hao ni hospitali saa hiyo hiyo, hata usiku.

Ami Khamis (maabara): Mie naliona tatizo kwenye hilo neno "alfajiri". Mayai ya kichocho hayatoki sawasawa kutwa. Wingi wake ni kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri, tena ule wa katikati tunaouomba tukitafuta bakteria, ndio usiofaa kabisa kwa kazi hii.
Kesho fanyeni hivi. Mtoto akimbie au aruke kamba dakika tano, ndipo akojoe. Chupa iwe na mfuniko na iwe kavu kabisa. Ukiisuuza ukaacha maji ndani, yai huanguliwa njiani nami nitabaki kutazama ganda tupu. Akojoe mkojo wote humo. Chupa ikiwa ndogo, mwageni wa mwanzo, mniletee wa mwisho. Msiiweke juani, na ifike kabla ya muda wa saa mbili kupita tangu akojoe.

Mwalimu Sharifa: Ami, na ukiwa huoni kitu bado?

Ami Khamis (maabara): Natikisa chupa, navuta mililita 10 kwa bomba la sindano, nazipitisha kwenye kichujio, kisha natazama kwa hadubini. Yai lake ni refu na lina mwiba kwenye ncha ya mwisho, huwezi kulikosea. Yakifika 50 au zaidi kwa mililita 10, maambukizo ni mazito. Yakiwa machache mtoto anaweza kunipita siku moja, kwa hiyo nikikosa nataka chupa ya siku tatu mbalimbali. Kijiti cha kupima damu kwenye mkojo nacho husaidia, ila chasema damu ipo, hakisemi yatoka wapi.

Saidi Mkulima: Mbona watu husema huambukizwa kwa kukanyaga mkojo wa mwenzio?

Bwana Afya: Sivyo, yakhe. Mtu hamwambukizi mtu, wala choo, wala kikombe. Njia ni moja tu: mkojo wenye mayai uingie maji matamu, yai lianguliwe, kijidudu kimwingie konokono wake. Humo hukaa wiki nne mpaka sita kikizaana. Kisha hutoka vijidudu vyenye mkia, hasa mchana wa jua, saa zile zile watoto wanapokwenda kuogelea. Vinatoboa ngozi nzima kwa dakika chache, havihitaji kidonda.
Baharini hakuna, kwa sababu konokono huyo hawezi chumvi. Na Unguja kusini, upande wa Makunduchi, kwenye mawe matupu yasiyo na vijito, ugonjwa hauenei. Sisi tuna mabonde.

Saidi Mkulima: Basi hao walioga mto wa darajani juzi, niliwaona.

Bwana Afya: Juzi haihusiki. Tangu ngozi itobolewe mpaka mayai yaonekane kwenye mkojo hupita kama wiki 10 hadi 12. Waulizeni walikuwa wakiogelea wapi miezi mitatu nyuma. Ya juzi labda ni ule upele wa kuwasha uliowatoka jioni yake, kama uliwatoka.

Mwalimu Sharifa: Konokono wako wengi pale darajani. Ni yupi?

Bwana Afya: Chota kwa chujio la mpini mrefu, usimshike kwa mkono mtupu. Ncha ya gamba iwe juu, mdomo ukutazame. Mdomo ukiwa upande wako wa kushoto, hauna kifuniko kigumu, na gamba zima halizidi sentimita mbili na kitu, huyo ni wa kumshuku. Yule mkubwa mwenye kifuniko, hata akiwa wa kushoto, siye. Tazama chini ya majani ya yungiyungi na kwenye nyasi za pembeni, si pale maji yanapokwenda kasi.
Tafadhali msimwage dawa yoyote mtoni kwa akili zenu. Ile ya konokono huua samaki pia.

Mwalimu Sharifa: Watoto si walishapewa dawa ya minyoo skuli?

Bi Time (muuguzi): Ipi, mwalimu? Kidonge kimoja cha kutafuna ni albendazoli, ya minyoo ya tumbo. Kichocho haikigusi. Ya kichocho ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya mtoto. Kidonge kina 600, kwa hiyo wa kilo 30 anameza viwili. Skuli hutumia fito ya urefu badala ya mizani: wa sentimita 125 mpaka 138 ni viwili, wa 138 mpaka 150 ni viwili na nusu.
Wale kwanza, muhogo au wali, chochote kizito. Kwenye tumbo tupu hutapika na kizunguzungu kikawazidi. Wasitafune, ni chungu mno. Mwenye kifafa aseme kabla. Na msiwanunulie antibayotiki dukani, haimwui mnyoo huyu.

Mama Asha: Wakishameza wamepona?

Bi Time (muuguzi): Wanakufa minyoo wakubwa. Wachanga walioingia wiki chache nyuma hubaki, ndiyo maana tunarudia kupima baada ya wiki sita mpaka nane. Na dawa si kinga, akirudi mtoni anaanza upya.

Bwana Afya: Ndicho kilichoonekana kwenye mradi wa kutokomeza kichocho Zanzibar wa 2012 hadi 2017. Dawa ziligawiwa shehia nyingi Unguja na Pemba, baadhi zikaongezewa kuua konokono, nyingine elimu. Ugonjwa ulishuka sana lakini haukung'oka.

Saidi Mkulima: Sie wa mpunga hatuna hiari ya kutoingia maji.

Bwana Afya: Mabuti ya mpira yafikayo magotini, na mkojo uende chooni, si kwenye tuta. Maji ya kuogea ukiyachota mtoni yaache siku mbili kwenye pipa lisilo na konokono, au yachemshe. Vijidudu vile haviishi zaidi ya hapo.

Bi Time (muuguzi): Wakulima wenyewe wengi ni kina mama, basi niliandike wazi, kina baba mtuwie radhi. Mayai huingia pia kwenye njia ya uzazi: muwasho, majimaji yenye damu, kutokwa damu baada ya tendo la ndoa. Mkojo unaweza kuwa hauna yai hata moja. Wengi hutibiwa maradhi ya zinaa mara mbili tatu na nyumba ikaingia shaka bure. Mwambieni daktari kwamba mnalima bondeni, na mlango wa kizazi utazamwe.

Mama Asha: Bi Time, na mdogo wao wa miaka mitatu? Naye hubebwa mtoni akifuliwa nguo.

Bi Time (muuguzi): Naye aje na chupa yake. Apimwe uzito kwanza. Akiwa na kilo 15 ni kidonge kimoja, tunakisaga pale kituoni na kumchanganyia kwenye ndizi mbivu ili asipaliwe. Usimpe nusu ya kaka yake nyumbani.

Ami Khamis (maabara): Chupa kavu nitampa Mwalimu leo jioni, achukue kila mwenye mtoto. Saa nne niko mezani.