Eti maharamia wapewe mafuta waende zao!

Ndugu wanajukwaa, mnamjua ninayemsema, kwa hiyo sitajisumbua kumtaja. Leo, mbele ya ukumbi uliojaa mabaharia, aliulizwa ni nani mwenye wajibu wa kuwafikisha maharamia mahakamani, naye akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai yake, akajibu: "Kesi zina gharama, wanyang'anywe silaha, wapewe mafuta, waende zao." Wapewe mafuta! Miwani ile aliifuta kwa muda ambao meli ya mizigo ingekwisha kuvuka Ghuba ya Aden na kurudi, na bado aibu hakuiona.

Mkataba wa Sheria ya Bahari wa mwaka 1982, ibara ya 105, unairuhusu nchi yoyote kuikamata meli ya maharamia katika bahari kuu na kuwahukumu waliomo katika mahakama zake. Ruhusa ipo, manowari zipo, lakini aliyeelekezewa bunduki kichwani anaambiwa habari ya gharama, tena na mtu anayefuta miwani!

Mzee wa Gati: Mwanzishaji, naona miwani imekuumiza kuliko maharamia wenyewe. Ungemuuliza swali la pili badala ya kuikodolea macho tai ya mwenzako.

Kalamu ya Sheria: Bwana yule hakubuni kitu, kwani manowari kadhaa zimewahi kuwakamata washukiwa na kuwaachia. Kenya ilipokubali kuwapokea, mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Mombasa ikaamua kwamba haina mamlaka juu ya makosa yaliyotendwa nje ya maji ya nchi, na Mahakama ya Rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2012 tu.

Mwanzishaji: Mimi nasema alikuwa anafuta miwani, ninyi mnaniletea rufaa!

Baharia Mchovu: Mnabishana kuhusu majaji, je, wenye meli? Mabaharia wa meli ya Iceberg 1 walitekwa Machi 2010 wakaokolewa Desemba 2012. Sisi tulipotekwa, tajiri wetu alizima simu, na tuliporudi akadai kwamba siku za utekaji si siku za kazi. Huyo naye ashtakiwe wapi?

Nyavu Tupu: Afadhali ninyi mna tajiri wa kumdai. Meli za uvuvi haramu zimekomba samaki katika pwani ya Somalia kwa miaka mingi, na sijasikia manowari ikimfukuza hata nahodha mmoja.

Mzee wa Gati: Hapo sasa umegusa penyewe. Meli ni ya tajiri wa nchi moja, bendera ni ya nchi nyingine, mabaharia wanatoka nchi ya tatu, na yakitokea maafa kila mmoja anamnyooshea mwenzake kidole.

Baharia Mchovu: Na bendera yenyewe hubadilishwa usiku, kwa kopo la rangi, tena rangi hiyo tunapaka sisi.