Mgonjwa ameniomba dawa za mumewe akamsagie kwenye chai. Nifanyeje?

Nesi wa Kijijini: Habari zenu wapendwa. Mimi ni muuguzi wa zahanati, tabibu wetu yuko masomoni, hivyo siku nyingi nabaki na mhudumu mmoja tu. Kuna mama amerudi mara ya tatu tangu Ramadhani na uchafu ule ule ukeni. Namtibu, anapona, mumewe akirudi safari (dereva wa lori, njia ya Tunduma) wiki mbili haziishi yuko tena kwenye benchi. Kadi ya kumwita mwenza nimempa mara mbili, zote kazifunga kwenye pindo la kanga hazikutoka. Jana kanishika mkono: "Nesi, nipe na za kwake, nitamsagia kwenye chai." Nilifungua kopo la Flagyl, dawa ninayomtibu nayo, nikalifunga. Kaondoka bila kuniaga. Sikulala. Ningempa?

Mkunga Mstaafu: Mwanangu, umefanya vema kulifunga. Flagyl ni chungu, dozi ya mara moja ya vidonge kumi vya miligramu 200 chai gani itaificha? Akigundua, atakayeumia ni yule mama. Na mtu mzima hatibiwi kwa siri. Ila jua trikomona, ambukizo la zinaa linalotibiwa kwa Flagyl, kwa mwanamume mara nyingi hukaa kimya, haimwashi wala haimtoi usaha. Ndiyo maana akiambiwa anaumwa anaona anasingiziwa. Anza na hilo ukimpata.

Tabibu wa Moro: Kumpelekea mwenza dawa bila kumwona kwenyewe si kosa. California wameruhusu kwa klamidia, nayo ni ugonjwa wa zinaa, tangu 2001, na CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, ikapendekeza mwaka 2006 kwa klamidia na kisonono, pale mwenza asipotarajiwa kufika. Lakini zinakwenda na maelezo, anameza akijua anachomeza. Azithromaisini ya klamidia, gramu moja, ni vidonge viwili, vinabebeka. Sindano ya seftriaksoni ya kisonono au ya benzathini penisilini ya kaswende huwezi kuitia kwenye bahasha, na asiyefika hapimwi VVU wala kaswende. Dada, usianze kutoa kwa huruma. Kaa na mganga wa wilaya mkubaliane kwa maandishi nani apewe, dawa ipi, na mzio unaulizwaje. Likitokea la kutokea usiwe peke yako.

Baba Wawili: Mimi ni dereva na kadi hiyo nilishapewa. Nilifika, benchi zima wajawazito, nesi akaniuliza kwa sauti, "Wewe ndiye mume wa fulani?" Niligeuza. Nilikaa na ugonjwa miezi, na mke wangu naye. Mpigie wewe mwenyewe, mama akiridhia. Usitaje nani kaanza. Muulize anafika saa ngapi, umsubiri.

Mkunga Mstaafu: Hapo kwenye saa ndipo penyewe. Na mpaka wote wawe wamemaliza dawa na siku saba zipite, wasikutane kimwili. Mwambie mama leo, usingoje mume.

Nesi wa Kijijini: Ahsanteni sana. Mama kakubali, nimempigia mbele yake. Nilimwambia mkewe ana maambukizi yanayorudi, na yanaweza kuwa kwake bila dalili yoyote. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza kitu kimoja tu: atakaa benchi la nje? Nimemwambia apitie mlango wa nyuma, chumba cha sindano. Anashusha mzigo Alhamisi, atafika saa moja usiku. Vipimo nimeshavitenga, na barua ya wilayani naiandika kesho.