Gemu za PS2 zilizopuuzwa: Okami, Urban Reign au Shadow of the Colossus?

Kijana_wa_Igogo
Habari za jioni wadau. Hapa Mwanza ukiingia kibanda chochote cha gemu, kuanzia Mabatini mpaka Buzuruga, ni mpira tu. Mpira naupenda, lakini zipo gemu za PS2 (PlayStation 2) zilizonikaa rohoni na hakuna anayezitaja.

Yangu ni Okami, ya 2006. Wewe ni Amaterasu, mungu jua aliyekuja kwa umbo la mbwa mwitu mweupe. Ukibana R1, kitufe cha juu kulia kwenye pedi, kila kitu kinaganda, kioo kinakuwa karatasi, unachora kwa brashi. Duara angani, jua linachomoza. Mstari mmoja juu ya adui, anakatika. Analogi ya pedi yangu, kile kijiti cha kuelekezea, ilikuwa imelegea, duara linatoka kama yai, na jua lilichomoza hivyohivyo. Halafu Oktoba mwaka huohuo Capcom, kampuni iliyoitoa, wakatangaza kuifunga Clover Studio walioitengeneza. Inaniuma hadi leo.

MwenyeKibanda_Kirumba
Mdogo wangu, niliendesha kibanda karibu na soko la Mwaloni, nikueleze sababu. Mteja analipa kwa mechi. Mpira dakika kumi, umefungwa, unaachia pedi, mwingine anakaa. Okami nitamwekea nani? Mmoja akae wiki nzima, wengine wamejaa mlangoni na jero zao mkononi?

Iliyoweza kushindana na mpira ni Urban Reign, gemu ya ngumi ya kampuni ya Namco, 2005. Ina misheni 100 za mhusika wake Brad Hawk, lakini kibandani tulicheza wawili wawili, ngumi kavu. Uhondo wake ni kitufe cha kukwepa. Ukiwahi, unalambwa. Ukichelewa, unalambwa. Ukipatia, ngumi ya mwenzako inapita hewani na wewe unamrudishia papo hapo. Tena unachagua pa kupiga: kichwa, tumbo au miguu. Watu walidhani ni kubonyeza ovyo. Mvulana mmoja aliyekuwa akishusha dagaa alfajiri alikuja kila asubuhi, akacheza miezi mitatu bila mtu kumfunga, na hakubonyeza ovyo hata mara moja. Hii ndiyo naipa namba moja.

Dada_Nansio
Shikamoo kaka wa Kirumba. Mimi nitasimama na Shadow of the Colossus, 2005. Sifa ilipata huko nje, ila huku kwetu Ukerewe niliowaonyesha wote waliuliza, "Maadui wako wapi?" Hakuna, isipokuwa majitu 16. Unapanda farasi wako Agro, unainua upanga, mwanga wake unakuonyesha njia, unapita nyika tupu hadi unalikuta jitu. Kisha unalipanda mwilini kama unavyopanda mwamba, umebana R1 kushika manyoya, huku nguvu za mkono zikiisha. Likijitikisa, kidole changu kiliuma kweli. Na likianguka, muziki unakuwa wa msiba. Mara ya kwanza niliweka pedi chini nikanyamaza, kwa sababu jitu lile halikuwa limenikosea kitu. Urban Reign ni tamu, kaka, lakini haijawahi kunifanya nijute kushinda.

Mkolani_Kompyuta
Si ya PS2, lakini wenye kompyuta msiisahau Titanfall 2, gemu ya bunduki na maroboti. Ilitoka 28 Oktoba 2016, wiki moja baada ya Battlefield 1 na wiki moja kabla ya Call of Duty mpya, gemu nyingine kubwa za bunduki. Ikabanwa katikati. Hadithi yake fupi, na ina misheni ambayo kwa kitufe kimoja unaruka kutoka wakati uliopo kwenda uliopita, na kurudi, ukiwa bado hewani.

MwenyeKibanda_Kirumba
Marahaba dada. Hilo la kujuta kushinda sina jibu lake. Majitu yale niliyaona kwa mteja mmoja tu, akaniomba nimtoze kwa saa. Nilikataa. Leo ningemkubalia.

Kijana_wa_Igogo
Kaka, PS2 yako bado ipo? Mimi nina memori kadi yenye Okami niliyomaliza na nyingine tupu. Dada Nansio, CD ya majitu unayo? Jumamosi nipo Mwaloni.

Dada_Nansio
Ninayo, ina mikwaruzo lakini inasoma. Naipeleka kwa meli ya Ijumaa. Pedi tafuteni yenye R1 nzima.