Naomba ushauri: tangi la mafuta la plastiki lina ufa, nichomelee au nibadilishe?

Wakuu, naombeni ushauri. Tangi la petroli la gari la zamani, plastiki ya HDPE (polithini ngumu), lina ufa wa kama sentimita 4 pale linapokaa kwenye mkanda wa chuma. Oringi (mpira wa duara wa kuziba) ya pampu na mipira ya mafuta ni mizima. Unyevu unaanzia kwenye ufa wenyewe.

Gundi ya epoksi siiamini. HDPE haishiki gundi, na petroli ikipenya kwa chini kiraka kinabanduka chote kama ganda. Nafikiria kuchomelea kwa fimbo ya HDPE hiyohiyo: kutoboa tundu la milimita 3 kila ncha ili ufa usiendelee, kuchonga mfereji wa V, kisha kuyeyusha. Kabla ya hapo tangi lioshwe kwa maji ya sabuni mara kadhaa na kupulizwa hewa, maana tupu lenye mvuke ndilo hatari zaidi.

Mnisaidie hapa: plastiki iliyonyonya petroli miaka mingi mnaikaushaje isitoe mapovu inapoyeyuka? Na kwenye mkanda, penye uzito na mtikisiko, mchomeleo unadumu kweli, au nitafute tangi lingine?