Naomba ushauri: pikapu imegoma kuingiza foo wili (tairi zote nne kuvuta)

Habari za muda huu wakuu. Nina pikapu ya dizeli dabo kebini, gia ya mkono, nabebea mizigo ya saiti huku Kivule, Dar, na barabara zetu mnazijua mvua ikinyesha. Juzi nimenasa kwenye tope na mifuko 20 ya simenti, nikaweka 4H (foo wili ya mwendo wa kawaida), taa ya kijani kwenye dashibodi inawaka inazima haitulii, tairi za nyuma zinachimba shimo na za mbele zimetulia tu, mpaka tukashusha mzigo wote kwenye mvua, simenti mifuko mitatu ikaloa.

Fundi wa kwanza kasema nibadilishe difu nzima ya mbele (gia inayogawa nguvu kwa tairi mbili za mbele), iliniuma sana maana hata chini hakuingia. Jana nimeipandisha kwenye stendi tairi zote nne, shemeji kwenye usukani, propela ya mbele (shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu) inazunguka vizuri kwahiyo naona transfa, ile gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma, iko poa, shida ni pale vakyumu (mvuto wa hewa) inapotakiwa kuunganisha shafti kwenye difu. Nikachomoa ule mpira mwembamba unaoingia pale injini ikiwa inaunguruma, nikaziba kwa kidole, hauvuti kabisa, halafu umekauka una ufa kwenye ncha.

Sasa nikishabadilisha mipira, zile solenoidi mbili (vali za umeme zinazofungua na kufunga vakyumu) nazipimaje kabla sijanunua? Na kuna aliyewahi kuvuta kile kidude cha kwenye difu kinachosukumwa na vakyumu kwa bomba la sindano kuona kama kinasogea? Spea yudi (zilizotumika) za Ilala kwa kitu kama hiki mnaziamini? Jumatatu nina mzigo wa kokoto, naombeni msaada wenu.