Naomba ushauri: binti yangu kachaguliwa kuwa Lucia

Ndugu zangu mlioko Uswidi, poleni na baridi. Binti yangu wa miaka 9 kachaguliwa kuwa Lucia shuleni tarehe 13 Desemba, yaani yule binti anayeongoza maandamano ya sikukuu ya Mtakatifu Lucia. Atatangulia mbele ya wenzake na gauni jeupe, mshipi mwekundu kiunoni na taji la mishumaa kichwani. Nimefurahi mno, ila hilo taji linaninyima usingizi. Kasukwa rasta ndefu, na jana tulipolijaribu liliteleza mpaka kwenye nyusi, akaanza kulia. Nashukuru mishumaa yenyewe ni ya betri.

Mliopitia hili, mliwasuka watoto mtindo gani taji likatulia? Twende kilioni au mabutu? Na nikipeleka maandazi ya iliki yakae pembeni ya lussekatter, vile vimkate vyao vya zafarani, itaonekana vibaya?